Bibi, Panya Weupe na Kurasa Nilizozichana

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana nakusikia hapo uani ukicheka na shangazi zako. Jua halijazama, na mama yako ameshafungua begi lako mara tatu kuhakikisha masweta yamo. Habari za masweta, za chakula cha kule, za kwenda kanisani na za kutomwamini kila mtu, ameshazisema, na kesho stesheni atazisema tena mpaka treni iondoke. Mimi sitazirudia. Nimewaambia najipumzisha kidogo, nikafunga mlango, nikakaa kuandika.

Unakwenda kukaa na panya. Majirani wananiuliza, "Mzee Masanja, ni kweli mtoto amesoma miaka yote hiyo halafu anapelekwa Ulaya kuangalia panya?" Nawajibu ni kweli, tena kwa kujivuna. Wiki iliyopita ulinieleza vizuri: kwamba kule wana panya waliozalishwa kwa namna ya pekee, ambao wakikomaa wanapatwa na ugonjwa wa kusahau unaofanana na ule wa wazee wetu. Kwamba wakishapotea kabisa, kila mtu anaona. Kazi yako ni kuwaangalia kabla ya hapo, wakiwa bado wanaonekana wazima, utafute katika mwenendo wao ile dalili ya kwanza kabisa ambayo mtu mwenye haraka haioni.

Nilikusikiliza nikanyamaza. Nadhani ulifikiri sijaelewa. Nilinyamaza kwa sababu kazi hiyo uliianza ndani ya nyumba hii, hapa hapa Mkolani, ukiwa na miaka kumi na minne, na mtu wa kwanza kukuzuia nilikuwa mimi.

Unakumbuka nilikuwa mhudumu wa wanyama pale kituo cha utafiti. Madaktari walitafiti kichocho, kichocho kilihitaji panya, na panya walihitaji mtu. Nilikuwa mtu huyo kwa miaka kumi na saba. Nilibadilisha maranda kwenye vizimba, nikajaza maji, nikagawa chakula, na kila asubuhi nikaandika kwenye rejista, kizimba kwa kizimba: wazima, wagonjwa, waliokufa. Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku nyingi niliandika "wazima" kabla sijaangalia. Nilikuwa naandika kwanza, halafu ndiyo napita na ndoo. Na kwa kuwa walikuwa wazima karibu siku zote, hakuna aliyenikamata.

Ulinikamata wewe. Ulikuwa unapitia kazini kwangu ukitoka shule ili turudi pamoja, ukawa unachoka kukaa bure. Kulikuwa na panya wachache wazee waliokuwa wameachwa baada ya kumaliza umri wa kuzaa, na hakuna daktari aliyekuwa na shida nao. Ukaanza kuwapa karatasi ulizochanachana. Panya mzima akipewa karatasi analala nayo usiku mmoja tu, asubuhi unakuta ameshatengeneza kiota cha duara, kimefungwa mpaka juu. Siku moja ukaniita.

"Baba, mbona huyu hajatengeneza kiota?"

"Amechoka."

"Na jana alikuwa amechoka?"

Nikatazama rejista. Jana nilikuwa nimeandika mzima. Juzi pia.

"Kiota si ugonjwa," nikakwambia.

"Basi usiandike ugonjwa. Andika tu kwamba hajatengeneza."

Sikuandika. Rejista haikuwa na nafasi ya viota. Ukaandika wewe, nyuma ya daftari lako la sayansi. Halafu ukachukua boksi la sabuni, ukalikata, ukatengeneza njia panda: panya anaingia kwa chini, akifika mbele achague kulia au kushoto. Panya kijana akienda kulia, ukimrudisha anajaribu kushoto, maana kulia ameshakuona. Yule mzee alikwenda kulia. Ukamrudisha, akaenda kulia. Mara ya nne, kulia tena, akinusa kila kona kama vile ndiyo kwanza anafika. Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulimbeba kwenye kiganja ukamrudisha kizimbani, ukamsogezea karatasi karibu na pua.

Mwaka huo huo babu yako alifariki, na Bibi akaja kukaa na sisi. Alivuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga akiwa na mbuzi mmoja na gunia la michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvikausha mwenyewe. Wewe ulimpata akiwa tayari mzee, kwa hiyo nikueleze mimi. Mama yangu alikuwa mtu asiyekosea. Shamba lake la viazi halikuwa na jani moja la magugu. Alijua majina ya watoto wa watu wote waliowahi kununua dagaa kwake, na aliwasalimia mmoja mmoja. Hakutaka kitanda cha mjini, akalala kwenye mkeka, na kila alfajiri aliukunja pamoja na blanketi, ncha kwa ncha, akauegemeza ukutani kabla hajasema neno na mtu. Alikuita mke mwenzake, mkagombana kwa utani kutwa nzima.

Miezi kama minane baadaye mambo yakaanza, na nakiri kwamba mimi sikuona mwanzo. Niliona fujo tu. Niliona mama amekuwa mkali, anamsingizia mkwe wake wizi. "Nani kachukua sufulia yangu?" aliuliza, kwa ile sauti yake, na mama yako akalia jikoni. Nikamwendea mama yangu mzazi nikamwambia, "Mama, acha kututia aibu." Aliniangalia kama mtoto aliyechapwa bila kujua kosa. Jicho lile ninalo mpaka leo.

Halafu nikalikuta daftari lako juu ya meza. Nilidhani ni masomo. Ukurasa wa kushoto panya, ukurasa wa kulia Bibi. "Jumatatu. Panya mzee hajatengeneza kiota. Jumatatu. Bibi hajakunja mkeka." Na siku iliyofuata hivyo hivyo, na nyingine. Damu ilinipanda kichwani. Nilikuita kwa sauti iliyomwamsha hata jirani.

"Mama yangu ni panya?"

"Hapana, Baba."

"Umemwandika pamoja na panya!"

"Nimeandika nilichokiona."

Nilizichana kurasa nne, nikazitupia kwenye jiko la mkaa mbele yako. Hukulia. Ulizitazama zikiungua, halafu ukaniuliza taratibu kama unaweza kubaki na daftari lililobaki, kwa sababu lina mazoezi ya hesabu. Nikakurushia. Kesho yake ulianza kuandika upya, nami nikajifanya sijui.

Unajua hasira ile ilitoka wapi? Haikuwa heshima kwa mama. Ilikuwa woga. Nilikuwa nimeshaona ule mkeka umelala wazi sakafuni saa nne asubuhi, nikaupita, na moyoni nikaandika "mzima" kama nilivyozoea.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Jumamosi. Bibi alikutwa ndani kwa Mama Rehema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, amesimama kando ya kitanda cha mtoto mchanga. Siku ya nne mtoto akashikwa na homa kali. Maneno yakaanza bombani, yakafika sokoni, yakavuka maji. Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini ya kupika kwa kuni, na unajua kwetu macho mekundu ya bikizee yanavyosomwa kuwa ya mchawi.

Baba yako mkubwa Bundala, kaka yangu, alivuka Jumapili na wazee wawili wa ukoo. Hakugusa hata chai. Mama Rehema na mumewe waliitwa wakakaa karibu na dirisha. Mama alikuwa chini kwenye mkeka mlangoni, anabangua karanga, hana habari.

"Masanja," kaka alisema, "tumekwenda kuuliza. Mganga anasema mtu ni wa ndani ya nyumba hii. Mama arudi kijijini, mambo yamalizwe huko huko."

Wote mle ndani tulijua neno hilo "yamalizwe" lina maana gani. Kijiji cha pili kutoka kwao, bikizee mmoja alikuwa amekutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga, na hakuna aliyesema ameona. Nilikuwa mtoto wake wa kumzaa, mwenye nyumba, mwenye kazi kwenye kituo cha madaktari. Na mimi, Kabula, nilitazama vidole vya miguu yangu.

Ulitoka jikoni na daftari.

"Shikamooni." Wakaitikia kwa mazoea. "Naomba kusoma kitu."

"Mtoto anasoma nini kwenye kikao cha watu wazima?" kaka alifoka.

"Habari za Bibi, baba mkubwa. Ni fupi."

Mama yako ndiye aliyesema, "Mwacheni asome."

Ukasoma ukiwa umesimama wima kama darasani, bila kutia chumvi. "Jumanne. Bibi ametia chumvi kwenye mlenda mara mbili. Alipoambiwa, amesema hajatia hata mara moja. Jumatano. Bibi ameanika michembe na mvua inanyesha. Alhamisi. Bibi amesema Mama ameiba sufuria yake. Imeonekana kwenye banda la mbuzi. Bibi amefurahi, ameuliza nani amemnunulia. Jumamosi. Bibi ametoka chooni, amepita mlango wetu, ameingia kwa Mama Rehema. Nimemfuata. Alikuwa anamfunika mtoto kanga yake. Ameniambia, 'Masanja amelala wazi, atashikwa na baridi.'"

Masanja ni mimi. Alikuwa ananifunika mimi.

Mama Rehema akaweka mkono mdomoni. "Ni kweli," alisema. "Nilimkuta mtoto amefunikwa vizuri, na kanga si yangu. Na pale zahanati wamepima wameona malaria. Amekunywa dawa, leo ananyonya." Mumewe akamtazama, akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo unasema mama yetu amekuwa kichaa?" kaka alikuuliza, lakini sauti ilikuwa imeshashuka.

"Hapana, baba mkubwa. Nasema anasahau. Mchawi anajua anachokifanya. Bibi hajui."

"Na kinachomsahaulisha ni nini?"

"Sijui."

Mwanangu, nimewasikia madaktari wengi wakiongea katika miaka kumi na saba. Wachache walilisema neno hilo wazi kama ulivyolisema wewe, mbele ya wanaume watatu waliokuwa wanatafuta sababu ya kukupuuza. Ungeweza kubuni jambo. Ungeweza kusema ni damu, ni jua, ni huzuni ya kufiwa. Ulisema hujui, ukafunga daftari.

Kaka aligeuka akamwuliza mama kwa Kisukuma, "Mama, mimi ni nani?"

Mama akaacha karanga, akamtazama, akatabasamu kwa adabu kama mtu anavyompokea mgeni. "Karibu, baba. Umetoka mbali? Wanangu hawapo, wamekwenda kuchunga."

Bundala ana mwili wa kubeba ng'ombe, na mvi zilikuwa zimeshamjaa kidevuni. Alivua kofia akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Baadaye akaomba chai. Habari ya kumrudisha mama kijijini haikutajwa tena, na wale wazee wawili ndio waliokwenda kuizima kule ng'ambo. Kila mwezi baada ya hapo kaka alivuka kuja kumwona, akajitambulisha kila mara kama mgeni, akakaribishwa kila mara.

Kikao kizima nilikuwa nasubiri useme kwamba kuna kurasa nyingine, za mwanzo, ambazo baba yako alizichana. Ulikuwa na haki ya kusema. Kaka angeniuliza, na ningekuwa nimevuliwa nguo mbele ya ukoo. Ulianzia Jumanne ile kana kwamba daftari lilianzia hapo. Nilikutazama ukirudi jikoni, nikajua kwamba mtoto huyu amenizidi. Sikukuomba msamaha wakati ule, wala miaka minne iliyofuata mpaka tukamzika mama, wala ulipokwenda Morogoro kusomea wanyama. Naomba sasa. Nisamehe, mwanangu.

Katika miaka ile minne wewe ndiye uliyetufundisha kuishi naye. Ulifunga kitambaa chekundu kwenye mlango wetu ili autofautishe na wa jirani. Ulituambia tusimbishie akisema ng'ombe wamechelewa kurudi, tumwulize ni wangapi na wana rangi gani, naye akawaeleza mmoja mmoja mpaka akatulia. Mama Rehema, ambaye angeweza kuwa adui yetu, alimshika mkono na kumrudisha nyumbani mara zisizo na idadi. Mama hakupona. Ulijua hatapona, na bado uliendelea kuandika. Niliwahi kukuuliza ya nini. Ulinijibu, "Ili mwingine akianza, mtu amwone mapema." Ulikuwa kidato cha pili.

Yaliyonipata baadaye unayajua. Kituo kilipunguza wafanyakazi, kama kila mahali miaka hii, na sisi wa ndoo na maranda tukawa wa kwanza. Nimefungua kiduka cha chakula cha kuku, na watu wanakuja, maana siku hizi kila mwenye uwanja anafuga. Sina kinyongo. Lakini hukumbuki pengine jinsi panya wale walivyomalizwa nilipoondoka. Nilitakiwa kuwaua mwenyewe siku ya mwisho, nikawaua, na jioni sikula. Nakwambia kwa sababu kule utafika mahali hapo pia. Usione haya mkono ukitetemeka. Waliokuwa hawatetemeki niliwaona, na ndio hao hao waliokuwa hawaangalii vizimba vizuri.

Na kule kuna mtu kama mimi. Yupo, hata kama kituo ni cha kifahari. Anasafisha vizimba, na hakuna anayemwuliza kitu. Msalimie, mwulize ameona nini. Huenda akakujibu kwamba wote wazima. Mwulize tena kesho yake.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha hapa.

Leo mchana mama yako ameniambia kwamba umeandika barua ya kuomba usafiri wako usogezwe mwaka mmoja, na kwamba hujaituma bado. Sikumwuliza sababu. Naijua. Mwezi uliopita nilitoka dukani nikasimama njia panda, nisijue nyumbani ni upande gani, mpaka mama muuza nyanya akaniuliza kama nimedondosha kitu. Nimekuuliza saa ya treni mara ngapi tangu juzi? Nimeona unavyonijibu kila mara kwa upole ule ule, bila kusema kwamba nimeshauliza. Nimeona unavyonitazama. Jicho hilo nalifahamu, mwanangu. Nililiona kwenye nyumba ya panya.

Sijui kama ni uzee wa kawaida au ni ule wa Bibi. Nawe hujui, na ndiyo maana unaogopa. Lakini sikiliza nilichofanya. Jumanne nilivuka kwenda kwa baba yako mkubwa nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimemwambia Mama Rehema. Mama yako anajua, na tumekubaliana kwamba akiona kitu hatanificha, nami sitakasirika, au nikikasirika ataendelea kusema. Mara hii hakuna atakayeniita jina baya, wala hakuna atakayesubiri mtoto asimame kwenye kikao. Hiyo ni kazi yako, ilishafanyika. Watu wa nyumba hii sasa wana macho.

Kwa hiyo barua ile, kama bado unayo ukisoma haya, usiitume. Ukibaki utaniangalia vizuri kuliko mtu yeyote, na utakuwa huna la kunifanyia. Mimi ni mmoja. Kule unaweza kukutana na kitu kitakachomfaa mtu ambaye hata hajaanza kusahau. Inawezekana pia usikikute. Nenda ukatafute hivyo hivyo. Sijawahi kumwona mtu anayetazama kama wewe, na nimeishi na madaktari.

Shangazi yako anaita watu mezani, na nasikia mtu amemwaga maji, wanacheka. Nitatoka sasa hivi. Nitaiweka barua hii chini ya masweta, uikute ukiwa umeshafika mbali na huwezi kugeuka.

Ukirudi ukanikuta sikujui jina, usinilaumu, na usijilaumu. Kaa karibu nami, uniambie unatoka wapi, nami nitakukaribisha. Nimekupenda kwa akili yangu timamu miaka ishirini na mitatu, na nimekustahi tangu Jumapili ile. Hayo yalishatokea, Kabula. Hata mimi nikiyasahau, yalitokea.

Baba yako,
Masanja